Kadiri ya Karafuu

Mtu akilala, mate hupungua mpaka yakakaribia kukatika. Mchana kutwa kinywa hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate, mwenyewe hana habari wala hashukuru, na mate hayo huosha fizi, hulainisha ulimi, na hubeba ndani yake kinga zinazovizuia vijidudu visishike mahali pasipo pao. Usiku kazi hiyo husita. Ndiyo maana sote huamka ulimi mzito na pumzi imebadilika, tajiri na maskini, mcha Mungu na aliyeghafilika. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipoinuka usiku kusali alianza kwa kupiga mswaki. Sisemi kwamba alikuwa na habari ya fangasi akilini. Alikuwa anajiandaa kusimama mbele ya Mola wake, na hilo linatosha kuwa sababu. Lakini nikiiwaza saa hiyo ya usiku, kinywa kikiwa kimekauka na kimebaki bila ulinzi wake wa kawaida, naona jinsi haja ya roho na haja ya mwili zilivyokutana katika kijiti kimoja.

Ndani ya kinywa hicho anaishi mpangaji. Wataalamu wanamwita Candida albicans, fangasi wa jamii ya hamira, mdogo hata haonekani ila kwa darubini. Makadirio mengi yanaonyesha kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye afya njema wanaye mdomoni, kimya, hana ugomvi na mtu. Anakula mabaki ya sukari tunayoyaacha, anabanwa na bakteria waliomzunguka, anaoshwa na mate, na siku zinakwenda. Kisha jambo hubadilika. Mtu ametumia antibiotiki kwa muda mrefu, na bakteria waliokuwa wakimbana wamekufa. Sukari imepanda katika damu. Mgonjwa wa pumu anavuta dawa ya steroidi kila siku wala hasukutui baada yake. Mtoto mchanga kinga yake haijakomaa. Mzee amelala na meno ya bandia mdomoni. Au virusi vya UKIMWI vimekwishaidhoofisha ile kinga yenyewe. Hapo fangasi huyu hubadilika hata umbo: kutoka chembe ya mviringo anarefuka akawa uzi, na uzi huo unapenya nyama laini ya ndani ya shavu. Mwaka 2016 watafiti waliieleza sumu anayoitoa akiwa katika umbo hilo, wakaiita kandidalisini. Sisi tunachokiona ni utando mweupe juu ya ulimi na mashavuni, na chini yake wekundu unaochoma.

Tumezoea kuomba kinga dhidi ya shari inayotoka nje: mwizi, husuda, tauni, mawimbi. Huyu hakutoka nje. Alikuwamo siku zote, siku tulizosoma Yasini na siku tulizosengenya watu, na kinywa kilikuwa salama naye. Hakuanza leo kuwa mbaya. Kilichovunjika ni kadiri. Tulifundishwa chuoni tungali watoto kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kipimo, na kwa miaka mingi nilipoyasikia maneno hayo nilifikiria nyota na kupwa na kujaa kwa bahari. Siku hizi nafikiria pia ulimi wa mtoto anayenyonya, na bakteria na mate na fangasi wanaokaa hapo pamoja, kila mmoja akimzuia mwenziwe asizidi. Afya, nikiitazama hivyo, haimtaki kiumbe huyu atoweke. Inamtaka akae mahali pake.

Na dawa je? Dawa nayo ina kadiri yake.

Kisiwani Pemba, msimu wa karafuu ukifika, harufu ni moja kutoka Mkoani hadi Konde. Majamvi yametandikwa pembeni mwa barabara, karafuu zimeanikwa, zinaingia juani zikiwa kijani chenye wekundu na kutoka zikiwa za kahawia iliyokolea. Jioni watu wa nyumba huzunguka rundo lililochumwa siku hiyo wakachambua: karafuu huku, makonyo huku. Vidole vinanata mafuta, na mtoto akijisahau akajipangusa jicho hulia mpaka aoshwe. Tunachokivuna ni ua ambalo halijafunguka. Likishachanua, thamani yake imekwisha. Mti umeyaweka mafuta yake mengi hapo kwenye tumba, penye uzao wake wa kesho, na sehemu kubwa ya mafuta hayo, asilimia 70 hadi 90, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Hata makonyo yaliyotengwa hayatupwi. Huchukuliwa hadi kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakapikwa kwa mvuke mpaka yatoe mafuta. Aliyewahi kuzibwa jino kwa dawa ya muda anaijua harufu hiyo, kwa sababu dawa yenyewe ni unga wa oksidi ya zinki uliokandwa na yujenoli.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nchi ya joto na mvua, ambako kila kilicho laini huoza upesi. Mti hauwezi kuondoka pale uliposimama. Hauna mkono wa kujipangusa ukungu. Unachoweza ni kutengeneza, ndani ya mwili wake wenyewe, kile kitakachoulinda. Yujenoli ikimfikia fangasi hujipenyeza katika ngozi ya seli yake ikailegeza, na vilivyomo ndani vikavuja. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba inamzuia Candida asijirefushe kuwa uzi, na asiujenge ule utando anaojifichia. Mdalasini una sinamaldehaidi, zaatari ina timoli, na zote mbili humdhoofisha fangasi huyu. Kitunguu saumu kina alisini, na hii ina habari yake ya peke yake, kwa sababu katika kitunguu kizima haimo. Vitu viwili vimetengwa katika vyumba tofauti vya mmea, na mpaka kitunguu kipondwe au kitafunwe ndipo hukutana na alisini ikazaliwa. Mmea umejeruhiwa, na kwa jeraha hilo dawa ikatoka. Nimeshika mchi mara nyingi jikoni nikasita kidogo kabla ya kutwanga, si kwa huruma ya kitunguu, bali kwa kuona kwamba kuna rehema iliyofungiwa ambayo haifunguki mpaka kitu kivunjike.

Najua wapo watakaofurahi hapa na kusema: basi, tumepata, hospitali ya nini? Naomba wasiende haraka. Kumshinda fangasi ndani ya bakuli la kioo, mahali pasipo na mate wala ulimi unaosogea wala chakula kinachopita, si sawa na kumshinda mdomoni mwa mtu. Tena liko jambo la ndani zaidi, na kwangu mimi ndilo linalonifanya ninyamaze. Bakteria yuko mbali nasi kwa umbile, kwa hiyo dawa inaweza kumpiga huku sisi tukisalimika. Fangasi ni jamaa yetu. Katika ukoo wa viumbe yuko karibu na wanyama kuliko alivyo karibu na mimea. Seli yake ina kiini, na yetu ina kiini. Ngozi ya seli yake inashikizwa na ergosteroli, yetu inashikizwa na kolesteroli, na hivyo viwili vinatofautiana kidogo sana. Dawa nzuri ya fangasi ni ile inayoweza kuwatambua ndugu wawili wanaofanana hivyo, ikamgusa mmoja na kumwacha mwingine.

Nistatini inaweza. Iligunduliwa na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, wakatangaza kazi yao mwaka 1950. Mmoja alikuwa jijini New York na mwenziwe Albany, na sampuli zao zilisafiri kwa posta kati ya miji hiyo miwili. Udongo uliowapa dawa ulitoka katika shamba la rafiki za Hazen huko Virginia. Fedha za haki ya ugunduzi wao zilizidi dola milioni 13, na wao hawakujichukulia. Waliziacha zote ziende kwenye utafiti na elimu. Tumeumbwa kwa udongo, na katika udongo huo huo ikawekwa dawa ya vinywa vyetu, ikapatikana na watu ambao hawakuitamani faida yake. Kila nikiiona chupa ya nistatini dirishani kwa mama anayenyonyesha, nawaombea heri.

Yujenoli haina utambuzi wa namna ile. Ikizidi, huchoma fangasi na fizi kwa pamoja.

Mtaani kwetu alikuwapo bibi ambaye kina mama walimpelekea watoto wenye weupe mdomoni. Nilikuwapo siku moja alipofikiwa na mzazi mchanga, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nimwone.”

Aliosha mikono kwa sabuni, akazungushia kidole chake kidogo kitambaa safi, akakichovya katika maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, kisha akapangusa ulimi wa mtoto polepole, kutoka nyuma kuja mbele. Maziwa yaliyoganda hutoka kirahisi na ulimi hubaki na rangi yake. Weupe ule haukutaka kutoka, na ulipotoka kidogo karibu na shavu uliacha wekundu, na mtoto akalia.

“Haya si maziwa,” alisema. “Mpeleke kituoni. Na wewe ukaonyeshe chuchu zako, maana mnaambukizana, akitibiwa mmoja mwenziwe atamrudishia.”

“Bibi, si nimpake mafuta ya karafuu kidogo tu?”

“La, mwanangu. Karafuu ni yangu mimi na wewe. Huyu bado.”

Bibi huyo hakuwa amesoma kitabu cha tiba, na alikuwa sahihi kwa kila neno. Madaktari wameandika habari za watoto wadogo walioharibika ini na kupoteza fahamu baada ya kunywa mafuta ya karafuu, mililita 5 hadi 10 tu, kiasi cha kijiko cha chai au viwili. Asali nayo, ambayo wengi wetu tunaiona ni baraka isiyo na mpaka, haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake hauna uwezo wa kuzizuia. Bibi alijua kwamba kuna umri wa kupokea na umri wa kusubiri. Mtu mzima akisukutua maji ya uvuguvugu yaliyorowekwa karafuu, akatema, sioni ubaya, na fizi zake zitaburudika. Mafuta yenyewe ya chupa ni jambo jingine kabisa, na anayeyauza bila kumwonya mnunuzi ana dhima shingoni.

Mswaki nao una mpaka wake, na mpaka huo sikuupata kwa madaktari. Mti tunaouchonga, Salvadora persica, una viini vyake vya kuzuia vijidudu, kimojawapo kikiwa kile kinachoupa mzizi ule ukali wa haradali unapotafunwa, na Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi ya vijiti vya mswaki tangu mwaka 1986. Ni sunna iliyosisitizwa mno. Imepokewa kwamba hata katika saa zake za mwisho Mtume aliutazama mswaki mkononi mwa shemeji yake, Bi Aisha akaelewa, akautafuna kuulainisha, akampa. Na bado sisi Mashafii wa pwani tumefundishwa kwamba kwa aliyefunga ni makuruhi kupiga mswaki jua likishapinduka, kwa kuwa harufu ya kinywa cha mfungaji ina cheo mbele ya Mwenyezi Mungu. Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine wasioona hivyo, nami siwabishii. Ila nimeona utamu katika kauli ya wazee wetu. Jambo jema kiasi kile, nalo likawekewa saa ya kuliacha. Alasiri ya Ramadhani, kinywa kimekauka, ulimi umeng'ang'ania kaakaa, mtu anakaa na ukavu wake bila kuuondoa, na anajua kwamba magharibi itafika.

Kuna kinywa kikavu ambacho magharibi yake ilichelewa sana. Walioishi katika nyumba zetu miaka ya 1990 wanajua ninachosema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure mpaka mwaka 2004. Katika miaka ile ya katikati, utando mweupe mdomoni ulisomwa na majirani kabla hata ya daktari kuusoma. Dawa iliyopatikana kwa wingi ilikuwa GV, ile ya zambarau, hupakwa kwa pamba. Ilisaidia, lakini iliacha midomo na ulimi rangi isiyofichika. Nakumbuka dada mmoja aliyekuwa akizungumza nasi ameshika pembe ya kanga mbele ya mdomo wake, anaishusha kwa ajili ya kumeza tu, na kila akimeza anafumba macho. Fangasi alikuwa ameshuka mpaka kwenye umio. Hakuwa akilalamika. Alikuwa akiuliza habari za watoto wetu.

Huko Tanga, tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, waganga wa jadi walikaa meza moja na wahudumu wa hospitali ya Bombo katika kikundi kazi cha UKIMWI kiitwacho TAWG, wakawafuata wagonjwa majumbani na mitishamba ya kutuliza maradhi nyemelezi, vidonda vya mdomo vikiwemo. Mitishamba ile haikuwa tiba ya virusi. Ilimwezesha mtu kula, na kumwezesha mgonjwa kula si jambo dogo. Naiheshimu kazi ile kuliko nyingi ninazozijua, kwa sababu kila upande ulikubali kwamba wa pili una kitu.

Juu bara, Kenya, uko mti ambao Wakikuyu wanauita muthiga na Wamaasai osokonoi. Gome lake linatafunwa kwa maumivu ya jino na koo, na linachoma kuliko pilipili. Mwaka 1976 watafiti akiwemo Isao Kubo walikitaja kiini chake, poligodiali, wakiwa wanatafuta kitu cha kuwafukuza viwavi jeshi. Baadaye ikadhihirika kwamba ni kikali mno kwa fangasi wa jamii ya hamira. Sifa hiyo imeuponza mti. Watu wanaubandua gome pande zote mpaka unakauka ukiwa umesimama. Anayechukua upande mmoja na kuuacha mwingine upone atakuta dawa mwakani. Ninapoona muthiga uliovuliwa gome kuanzia chini hadi panapofikiwa na mkono, nahisi haya.

Na karafuu, hiyo yenye mafuta ya kuua fangasi? Wakulima wa Unguja na Pemba wanaujua ugonjwa unaokausha mkarafuu mzima, wenye majani tele, katika muda wa siku chache. Katika miaka ya 1950 watafiti waliokuwa Zanzibar walimtaja anayesababisha: fangasi, Valsa eugeniae. Mti uliojaa yujenoli kuanzia jani hadi tumba, na yupo fangasi aliyejifunza kuishi ndani yake na kuuangusha. Habari hii hainikatishi tamaa. Inanituliza. Hakuna kiumbe aliyepewa ulinzi usio na mwisho, si mti, si mimi, na hata Candida naye, kwa ukaidi wake wote, hunyenyekea pale mate yanaporudi na kinga ikainuka.

Kwa hiyo mzee mwenye meno ya bandia ayavue usiku, ayasugue, ayaroweke, aziache fizi zipumue. Anayevuta dawa ya pumu asukutue maji kila baada ya kuvuta. Mwenye sukari aichunge. Anayependa karafuu yake moja mdomoni baada ya chakula aendelee nayo, na aseme alhamdulillahi. Lakini ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu mzima ambaye utando umemrudia bila sababu inayojulikana, au anayesema chakula kinamchoma kikishuka, msimchemshie majani mkasubiri wiki ipite. Mpelekeni leo apimwe, damu pia, na anayemsindikiza abebe chupa ya maji na uji uliopoa, maana foleni huwa ndefu na yeye hawezi kumeza kitu kingine.